Hataza Inalinda Nini Hasa? Mwongozo Kamili kwa Mvumbuzi

James Watt, yule ambaye injini yake ya mvuke ilibadili viwanda vya Uingereza, alipata hataza yake kubwa mwaka 1769. Baadaye alitaka injini hiyo izungushe magurudumu badala ya kupanda na kushuka tu. Njia rahisi ilikuwa kutumia mkono uliopinda, kama ule unaobeba pedali ya baiskeli. Lakini mwaka 1780 James Pickard wa Birmingham alikuwa amekwisha kupata hataza ya kutumia mkono wa aina hiyo kwenye injini ya mvuke. Watt, pamoja na hataza yake mkononi, akakwama kwenye injini yake mwenyewe. Ikambidi abuni njia nyingine, gia moja ikiizunguka nyingine kama sayari inavyolizunguka jua.

Naanza na Watt kwa sababu watu wengi huingia kwenye jambo hili na dhana iliyo kinyume. Hataza, au patenti kama wengi wanavyoiita, haikupi ruhusa ya kutengeneza chochote. Inakupa haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie, wasiuze wala wasiingize nchini kile ulichokivumbua, kwa muda maalumu na katika nchi iliyokupa hataza hiyo. Ni uzio. Kuwa na uzio kuzunguka shamba lako hakukupi njia ya kupita katika shamba la jirani.

Na uzio huo umejengwa kwa maneno. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko yote yanayofuata: kinacholindwa si wazo lililo kichwani mwako, wala mfano wa mashine uliopo karakanani, bali sentensi chache zilizoandikwa mwishoni mwa ombi lako, zinazoitwa madai. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea kwenye sentensi hizo au zinatoka kwazo.

Msingi wake ni mapatano ya zamani. Sheria ya Venice ya mwaka 1474 ilimpa mvumbuzi miaka 10 ya kutoigwa kama angeleta kitu kipya na kinachofanya kazi. Leo, katika nchi zote zinazofuata kikamilifu mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, muda huo haupungui miaka 20, na huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa, si siku cheti kilipotolewa. Wewe unaueleza umma uvumbuzi wako wote bila kuficha. Umma unakuachia kwa miaka hiyo. Ikiisha, ni wa kila mtu.

Hatua ya 1: Funga mdomo

Sheria inadai uvumbuzi uwe mpya siku unapoomba. Ukiuonyesha kwenye maonyesho, ukiuza hata kimoja, ukipandisha video mtandaoni au ukiueleza kwenye semina, umeufanya usiwe mpya, na aliyeuharibia upya ni wewe mwenyewe. Nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Japani, humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa msamaha baada ya kujifichulia siri. Nchi za Ulaya hazina huruma hiyo, isipokuwa katika hali chache sana. Kwa hiyo usiutegemee mwaka huo. Uchukulie kama dawa ya ajali.

Neno "hadharani" lina maana pana kuliko unavyodhani. Mwaka 1881 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya springi za chuma za koseti, vazi la ndani la kubana kiuno. Mvumbuzi alikuwa amempa mwanamke rafiki yake springi hizo mwaka 1855, akazivaa kwa miaka. Mwaka 1866 ndipo mvumbuzi alipoomba hataza. Zilikuwa zimefichika ndani ya nguo, hakuna mpita njia aliyeziona. Hata hivyo mahakama ikasema zilitumika hadharani, maana alizitoa bila sharti lolote la kutunza siri. Mtu mmoja, asiyefungwa na ahadi, alitosha.

Kwa hiyo kabla ya kuongea na fundi, mwekezaji au mshirika, msaini kwanza mkataba wa kutunza siri. Akikataa kusaini, na wawekezaji wengi hukataa, mweleze kitu chako kinafanya nini na kinamfaa nani, usimweleze kinavyofanya. Na ile desturi ya kujitumia barua iliyofungwa yenye maelezo ya uvumbuzi ili muhuri wa posta uwe ushahidi, achana nayo. Haikupi hataza, haikupi tarehe ya ombi, haimzuii mtu.

Hatua ya 2: Andika tatizo, kisha kifaa

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Una toroli ya kubebea mizigo. Ukiachia mpini kwenye mteremko, inakimbia. Umebuni breki inayojishika yenyewe mkono ukiondoka, na kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo inavyoshika zaidi.

Kwenye daftari lenye tarehe, andika mambo matatu: tatizo ni lipi, watu wamelitatua vipi hadi sasa, na kifaa chako kina nini ambacho suluhisho za awali hazina. Chora kila sehemu na uipe namba. Ukishindwa kuchora sehemu fulani, jua hapo bado una wazo tu, na wazo tupu halipewi hataza. "Toroli isiyokimbia mteremkoni" ni ndoto nzuri. Hataza hutolewa kwa namna ya kuifikia.

Hapahapa jiulize uvumbuzi ni wa nani. Kama umeajiriwa, soma mkataba wako wa kazi. Mara nyingi kinachovumbuliwa kazini ni mali ya mwajiri. Kama mlikuwa wawili, kila aliyechangia wazo lililomo ndani ya madai ni mvumbuzi na lazima atajwe, lakini aliyechomelea vyuma kwa maelekezo yako si mvumbuzi. Andikeni mgawo wenu sasa, wakati bado hakuna fedha ya kugombania.

Hatua ya 3: Pita kwenye malango matatu

Lango la kwanza ni upya: kitu hicho hicho, chenye sehemu zake zote, kisiwe kimewahi kujulikana popote. Lango la pili ni hatua ya uvumbuzi, na hapa ndipo maombi mengi hufia. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na yote yaliyokwisha kujulikana mezani, asiweze kuyaunganisha na kufika ulipofika wewe bila kuumiza kichwa. Kubadili rangi, ukubwa au malighafi kwa kawaida hakuvuki lango hili, isipokuwa badiliko hilo limeleta matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Lango la tatu ni kufaa kutumika viwandani, na wengi hulivuka bila shida.

Kuna vitu visivyoingia kabisa. Ugunduzi wa kitu kilichokuwepo tayari katika maumbile, nadharia ya kisayansi, kanuni ya hesabu, na mpango mtupu wa kufanya biashara havipewi hataza. Programu ya kompyuta yenyewe kama programu hukataliwa katika nchi nyingi, ingawa mashine au mchakato wa kiufundi unaoendeshwa na programu waweza kukubaliwa. Jina la bidhaa yako linalindwa kama alama ya biashara, mwonekano wake kama usanifu wa viwanda, maandishi na msimbo wa programu kwa hakimiliki. Bidhaa moja yaweza kuwa na ulinzi wa aina zote hizo kwa pamoja.

Kama uvumbuzi wako ni uboreshaji mdogo, uliza kama nchi unayoitaka ina ulinzi wa modeli ya matumizi. Muda wake ni mfupi kuliko wa hataza, lakini masharti yake huwa mepesi zaidi. Na kama kitu chako ni mchakato usioweza kugunduliwa hata bidhaa ikifunguliwa na kuchunguzwa, fikiria kuutunza kama siri ya biashara. Siri haina kikomo cha miaka, ila siku ikivuja kwa halali, au mwingine akiugundua mwenyewe, huna la kumfanya.

Hatua ya 4: Tafuta kama mtu anayetaka kukushinda

Usitafute kwa kutumaini kukosa. Tafuta kwa nia ya kuupata uvumbuzi wako umekwisha kuandikwa, maana mkaguzi wa ofisi ya hataza, atakayelipima ombi lako, ndivyo atakavyotafuta. Zana nzuri mbili ni za bure: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO. Zina mamilioni ya nyaraka, pamoja na michoro.

Maneno yatakudanganya, kwa kuwa mwandishi mmoja ataandika toroli, mwingine kifaa cha kusafirishia mzigo, mwingine chombo cha magurudumu kinachosukumwa kwa mkono. Anza na maneno, pata nyaraka mbili tatu zinazokaribia, kisha angalia namba za uainishaji wa kimataifa zilizoandikwa juu yake. Vyombo vinavyosukumwa kwa mkono viko B62B, na breki zake ziko B62B 5/04. Bofya namba hiyo na usome michoro yote ya kundi hilo, lugha yoyote iwayo. Jicho huitambua breki hata maandishi yakiwa ya Kijapani. Halafu angalia kila waraka umetaja nyaraka gani nyingine, na umetajwa na zipi.

Kwenye mfano wetu utakutana haraka na toroli za viwanja vya ndege, ambazo hazisogei mpaka ukandamize mpini. Kujishika kwa breki, basi, si kwako. Wengi hukata tamaa hapo. Usikate. Rudi kwenye daftari: sehemu ya mzigo kuongeza nguvu ya breki umeiona mahali? Kama hujaiona, uvumbuzi wako ndio huo. Mara nyingi utafutaji haukunyang'anyi uvumbuzi, unakuonyesha uko wapi hasa.

Usiishie kwenye nyaraka za hataza pekee. Katalogi za zamani, majarida, video, vyote vinahesabika. Kampuni ya Windsurfing International ilikuwa na hataza ya Uingereza ya ubao wa kuteleza baharini kwa tanga. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliibatilisha, na ushahidi mmoja mkubwa ulikuwa kwamba mwaka 1958 kijana wa miaka 12 alijitengenezea ubao wa namna hiyo na kuutumia kwenye kisiwa cha Hayling, watu wakimwona. Mchezo wa mtoto wakati wa kiangazi uliangusha haki ya kampuni.

Hatua ya 5: Andika madai

Hapa usiwe na haraka. Maelezo na michoro huufundisha umma. Madai ndiyo yanayochora mpaka. Kanuni ya kuyasoma ni moja: ili mtu awe amevunja haki yako, bidhaa yake lazima iwe na kila kitu kilichotajwa kwenye dai. Kikikosekana kimoja, kwa kawaida amepona. Maana yake, kila neno unaloongeza linapunguza eneo lako.

Hili ni dai la kwanza ambalo mvumbuzi wa toroli angeandika akiwa amejaa furaha:

"Toroli ya chuma yenye magurudumu mawili, springi ya sentimita 8, na pedi mbili za mpira mweusi zinazobana magurudumu mzigo unapowekwa."

Ni kweli tupu, na ni bure. Mshindani ataweka gurudumu moja, au pedi ya plastiki, au springi ya sentimita 9, na uzio wako hautamgusa. Mvumbuzi ameeleza kitu alichokitengeneza badala ya kudai alichokivumbua. Sasa tazama upande wa pili:

"Toroli yenye breki inayojishika."

Hili linafunika dunia nzima, pamoja na toroli za viwanja vya ndege zilizokuwepo kabla yake. Halina upya, litakataliwa. Kati ya hayo mawili kuna hili:

"Toroli yenye fremu, gurudumu moja au zaidi, kitanda cha mzigo na mpini, ambayo kitanda cha mzigo kimeegemea wenzo unaosukuma kizuizi dhidi ya gurudumu, hivyo kwamba nguvu ya kizuizi huongezeka kadiri uzito wa mzigo unavyoongezeka, na ambayo mpini ukibanwa huutenganisha wenzo na kizuizi."

Hakuna chuma, hakuna mpira, hakuna vipimo. "Kizuizi" chaweza kuwa pedi, mkanda au jino. "Gurudumu moja au zaidi" imemziba mwenye gurudumu moja. Lakini kile kilichokosekana kwa wengine, yaani mzigo kuendesha breki, kimetajwa wazi, na ndicho kitakacholivusha dai kwa mkaguzi. Pitia kila neno ukijiuliza: nikilitoa hili, je, kifaa bado kinatatua tatizo, na bado ni kipya? Kama jibu ni ndiyo kwa yote mawili, litoe.

Hilo ni dai huru. Chini yake panga madai tegemezi, kila moja likiongeza kitu: "Toroli kama ilivyo katika dai la 1, ambayo kizuizi ni pedi ya mpira." Hayapanui uzio. Kazi yake ni kukupa pa kurudi: dai la 1 likianguka mahakamani kwa sababu ya waraka wa zamani uliofukuliwa, dai la 4 lenye maelezo zaidi laweza kubaki limesimama.

Ukiwa na fedha ya kumlipa mtaalamu kwa jambo moja tu, mlipe wakala wa hataza kwa hatua hii. Mpelekee rasimu yako na matokeo ya utafutaji. Atafanya kazi bora na kwa saa chache. Jihadhari na kampuni zinazoahidi "kuutangaza uvumbuzi wako" kwa malipo ya awali na kusifu kila kinacholetwa. Mshauri wa kweli hukwambia pia uvumbuzi gani haufai kuombewa.

Hatua ya 6: Wasilisha, kisha subiri kwa kazi

Ombi kamili lina fomu, maelezo, madai, michoro inapohitajika na muhtasari. Siku ya kuwasilisha ina uzito kuliko siku ya kuvumbua, kwa kuwa karibu kila mahali anayetangulia kuwasilisha ndiye mwenye haki. Marekani nayo imefuata mfumo wa aina hiyo tangu Machi 2013. Hata zamani siku moja ilikuwa na uzito: nyaraka za simu za Alexander Graham Bell na Elisha Gray zilifika ofisi ya hataza ya Marekani siku ileile, tarehe 14 Februari 1876, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha mpaka leo.

Haraka hiyo isikufanye uache kitu. Baada ya kuwasilisha hutaruhusiwa kuongeza jambo jipya kwenye ombi, utaruhusiwa kupunguza na kufafanua tu. Kwa hiyo maelezo yawe na kila umbo unaloweza kulifikiria: breki ya pedi, ya mkanda, ya jino, toroli ya gurudumu moja na ya manne. Nchi kadhaa zina ombi la muda linalokupa tarehe wakati unaandaa ombi kamili, lakini nalo hulinda kile tu kilichoandikwa ndani yake.

Kwa kawaida ombi huchapishwa hadharani baada ya miezi 18. Kisha mkaguzi hukuandikia, na barua yake ya kwanza mara nyingi ni ya kukataa. Usiisome kama hukumu. Anasema waraka fulani una sehemu hii na hii ya dai lako. Ujibu hoja kwa hoja: onyesha sehemu ambayo waraka huo hauna, au ongeza kwenye dai kitu kilichomo tayari kwenye maelezo yako. Usikubali kupunguza zaidi ya anachodai, maana unachokiacha hapo hukirudishi kwa urahisi, na unayoyaandika kwenye jibu yanaweza kusomwa dhidi yako mahakamani baadaye.

Hatua ya 7: Chagua nchi

Hakuna hataza ya dunia nzima. Kinachokuokoa ni Mkataba wa Paris wa 1883: ukiwasilisha katika nchi moja mwanachama, una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine, na kote utahesabiwa kana kwamba uliomba siku ile ya kwanza. Ukitaka muda zaidi, wasilisha ombi la kimataifa kupitia PCT, mkataba wa 1970 unaosimamiwa na WIPO. Huo nao hautoi hataza, ila hukupa ripoti ya utafutaji na kukusogezea uamuzi wa nchi hadi miezi 30 hivi tangu tarehe ya kwanza. Kuna pia ofisi za kikanda, kama ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, ambapo ombi moja hutaja nchi kadhaa wanachama.

Chagua nchi ambako bidhaa itauzwa na ambako washindani wana viwanda. Kila nchi inaongeza gharama ya tafsiri, wakala na ada.

Hatua ya 8: Itunze, itumie

Nchi nyingi hudai ada ya kuitunza hataza, mara nyingi kila mwaka, na huwa inapanda kadiri miaka inavyosogea. Usipolipa, uzio unaanguka. Andika tarehe hizo mahali pawili. Ukiona hataza haikuletei kitu tena, kuiacha kwa makusudi ni uamuzi halali.

Si lazima utengeneze mwenyewe. Waweza kuiuza yote, au kutoa leseni ya peke yake kwa kampuni moja, au leseni kwa wengi. Kwenye mkataba wa leseni ya peke yake, dai kiwango cha chini cha mauzo au malipo ya kila mwaka, la sivyo kampuni yaweza kuichukua haki na kuilaza kabatini. Na kabla ya kuanza kuuza wewe mwenyewe, kumbuka Watt: fanya utafutaji wa pili, safari hii ukiangalia hataza zilizo hai za wengine ambazo bidhaa yako inaweza kuzikanyaga.

Siku ukikutana na toroli ya mtu mwingine inayofanana na yako, usimwandikie barua kwa hasira. Inunue. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika dai lako likiwa limevunjwa vipande: fremu, gurudumu moja au zaidi, kitanda cha mzigo, mpini, wenzo unaobebeshwa kitanda, kizuizi kinachosukumwa na wenzo huo, nguvu inayoongezeka na uzito, mpini kutenganisha wenzo na kizuizi ukibanwa. Kulia andika, mbele ya kila kipande, ni wapi hasa kinaonekana kwenye toroli yake, na upige picha. Ukijaza mistari yote minane, nenda kwa wakili ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Mmoja ukibaki mtupu, kwa mfano breki yake inaachia kwa kukanyaga pedali badala ya kubana mpini, soma tena dai lako kabla ya kumtuhumu mtu, kisha angalia kama una ombi lililo hai ambalo neno "mpini" bado linaweza kubadilishwa.